Kichwa cha chaja cha shilingi 6,000 kilichoandikwa 65W

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro. Nyumbani tuna simu tatu na kishikwambi kimoja ninachoandalia masomo, na jioni watoto wanakichukua kujisomea. Kichwa cha chaja kilichokuja na kishikwambi kilikufa, nikanunua kingine kwa machinga kwa shilingi 6,000. Kimeandikwa 65W kwa herufi kubwa. Tangu hapo naona mambo mawili. Kikiwa kwenye chaji, kioo kinajigusa chenyewe na herufi zinajiandika. Na binti yangu wa miaka tisa anasema akikishika pembeni, penye chuma, kinampiga shoti ya kutekenya. Fundi wa mtaani ameniambia ni kawaida, chaja zote ziko hivyo. Madukani mjini kuna vichwa vya 35,000 hadi 60,000. Je, tofauti hiyo ni ya jina tu? Na nikienda kununua, nitajuaje kwamba sijauziwa feki kwa bei ya orijino?

Jibu: Mwalimu, kabla hujaendelea kusoma, nenda kakichomoe hicho kichwa ukutani, ukiweke mahali watoto hawafiki. Kuanzia sasa kisichomekwe tena. Kishikwambi kikizima usiku huu, kikae hivyo hivyo mpaka upate chaja nyingine. Ukisharudi, tuendelee.

Fundi wako hakukudanganya, ila amekupa nusu ya habari, na nusu aliyoiacha ndiyo yenye hatari. Ni kweli kwamba hata chaja nzuri kabisa inaweza kutekenya kidogo ukigusa ukingo wa chuma, hasa ukiwa pekupeku kwenye sakafu ya saruji au ukiwa na mikono yenye maji. Chanzo chake ni kidude kimoja kilichomo ndani, kapasita, mara nyingi cha rangi ya bluu na umbo la dengu, kinachounganisha upande wa umeme wa ukutani na upande wa waya wa USB. Kimewekwa pale makusudi, ili kutuliza kelele za umeme zinazovuruga redio na vioo vya kugusa. Kupitia kwake unavuja umeme kidogo sana, chini ya robo ya miliampea. Ngozi inausikia, lakini mwili haudhuriki. Ili upate picha: kile kifaa cha usalama kinachofungwa kwenye meni suichi, ambacho mafundi wa nyumba wanakiita RCD, kwa kawaida hukata umeme ukivuja kufikia miliampea 30, yaani zaidi ya mara mia ya kiasi hicho.

Sasa tofauti iko hapa. Kwenye chaja nzuri kapasita hiyo ni ya aina maalumu, inaitwa daraja Y, na imeundwa ili siku ikifa, ife kwa kukatika. Njia inafungwa na mambo yanaishia hapo. Kwenye chaja ya ovyo wanaweka kapasita ya kawaida ya bei chee, na ya kawaida ikifa inaweza kufa kwa kuungana, ikageuka kuwa sawa na kipande cha waya. Siku hiyo volti 230 za ukutani zinafika moja kwa moja kwenye ukingo wa chuma wa kishikwambi, na kishikwambi kiko mapajani mwa binti yako. Hakutakuwa na onyo. Mtekenyo wa jana na wa leo unafanana, kwa hiyo kwa vidole peke yake huwezi kujua una chaja ya aina gani. Ndiyo maana sikubaliani na neno "kawaida" likitamkwa na mtu ambaye hajaitazama chaja yenyewe.

Kuhusu kioo kinachojigusa, hapo sina shaka nyingi. Kioo cha simu au kishikwambi kinatambua kidole kwa kupima mabadiliko madogo mno ya umeme juu yake. Chaja ikitoa umeme mchafu, wenye kelele, kioo kinadhani kimeguswa, na ndipo herufi zinajiandika. Umeme unakuwa mchafu kwa sababu aliyetengeneza chaja ameacha vifaa vya kuuchuja ili aokoe shilingi mia mbili tatu. Aliyeacha vichujio hakuishia hapo. Mambo mengine aliyoyaacha huyaoni.

Watu wengi wanaamini kazi ya chaja ni kuingiza chaji. Kwa kweli anayeingiza chaji ni simu yenyewe: ndani yake kuna saketi inayoamua betri ipokee kiasi gani, ipunguze lini na iache lini. Kile kichwa kina kazi mbili. Ya kwanza ni kushusha umeme kutoka volti 230 hadi volti 5, au 9, au zaidi kidogo simu ikiomba. Ya pili ni kuwa ukuta. Upande mmoja wa ukuta huo uko umeme unaoua, upande wa pili uko mkono wa mtu. Mtumiaji haioni kazi hiyo ya pili, haipimi na hawezi kuisifia dukani, kwa hiyo mtengenezaji feki huanza kuiba hapo hapo.

Mezani kwangu nina vichwa viwili nilivyovipasua kwa msumeno ili kufundishia vijana. Kimoja ni cha 25W kilichotoka kwenye boksi la simu, kingine kinafanana nacho kwa nje mpaka kwenye maandishi, lakini kilinunuliwa kwa bei ya soda chache. Ukiitazama bodi ya kile cha kweli unauona mpaka kwa macho. Kati ya upande wa umeme mkubwa na upande wa USB kuna uwazi mtupu wenye upana kama wa penseli, na katikati yake bodi imechongwa mfereji ili hata vumbi na unyevu visitengeneze daraja. Transfoma yake imezungushiwa utepe wa njano tabaka kwa tabaka, na waya wa upande wa pili una ngozi tatu za plastiki. Fyuzi ipo. Kapasita ya daraja Y ipo, na maandishi yake yanasomeka.

Kwenye kile feki, njia za shaba za pande mbili zimepitishwa karibu karibu, na mahali pamoja zimeachana kwa unene wa kadi ya benki tu. Transfoma ni ndogo kama punje ya kunde, na nyaya za pande zote mbili ni zile zilizopakwa vanishi tu, utepe umepita mara moja. Mahali pa fyuzi pamewekwa kipande cha waya. Na kwenye kona moja nilikuta bamba la chuma limegandishwa kwa gundi, halijaunganishwa na chochote. Liliwekwa ili kichwa kiwe kizito mkononi, maana wanunuzi tumefundishana kwamba chaja nzito ndiyo orijino. (Usijaribu kupasua chaja mwenyewe. Ndani yake kuna kapasita kubwa inayokaa na volti zaidi ya 300, na ukichomoa ukutani inaweza kubaki na umeme huo kwa muda.)

Sikutishi kwa mfano mmoja wa mezani kwangu. Mwaka 2016 maabara ya UL, kampuni ya Marekani inayopima usalama wa bidhaa, ilipima vichwa 400 vya kuigiza vya Apple vilivyokusanywa kutoka nchi mbalimbali. Kipimo kimojawapo ni cha huo ukuta: unapandishiwa volti maelfu kadhaa kwa muda mfupi, na unatakiwa usivuje. Kati ya vichwa 400, vitatu tu vilifaulu, na kumi na viwili vilikuwa vibovu kiasi cha kuweza kumuua anayevitumia. Kabla ya hapo, mwaka 2013, Apple yenyewe ilifungua mpango wa kupokea vichwa vya kuigiza na kuwauzia wenye navyo vya kweli kwa bei ya chini, baada ya taarifa kutoka China za watu kupigwa umeme wakitumia simu zilizokuwa kwenye chaji.

Basi jibu la swali lako la kwanza ni hili: sehemu ya hiyo 35,000 ni jina kweli, sehemu ni kodi na faida ya duka, lakini sehemu nyingine inanunua utepe wa njano, mfereji kwenye bodi, fyuzi na kapasita ya daraja Y. Kwa shilingi 6,000, baada ya kiwanda, meli, bandari, jumla na machinga wote kupata chao, hesabu haiachi nafasi ya vitu hivyo.

Tuje kwenye hiyo 65W. Geuza kichwa chako uangalie maandishi madogo, yale ya kijivu ambayo hayasomeki mpaka uyaelekeze kwenye mwanga. Tafuta neno "Output". Mbele yake kuna namba yenye V na nyingine yenye A. Zizidishe, jibu ndilo wati. Wewe ni mwalimu, hesabu hii wanafunzi wako wa darasa la tano wanaiweza. Kwenye vichwa vingi vya aina hiyo nimekuta 5V na 2.1A, yaani 10.5W, huku mbele kumeandikwa 65W kwa rangi ya dhahabu. Chaja ya kweli ya 65W lazima iwe na mahali panaposomeka 20V 3.25A, au kwa zile za kampuni kama OPPO, zenye mfumo wao wenyewe, 10V 6.5A. Maandishi makubwa na maandishi madogo yakipingana, rudisha mezani uende zako. Aliyekudanganya kwa kitu unachoweza kukihesabu papo hapo hawezi kuwa mkweli kwa kitu kilichofungwa ndani ya plastiki.

Kwenye maandishi hayo hayo tafuta "Input 100-240V" pamoja na alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa. Mraba huo unamaanisha kifaa kimekingwa mara mbili, kwa hiyo hakihitaji waya wa ardhini. Jina la mtengenezaji na namba ya modeli lazima viwepo pia. Herufi za CE, alama ya kudai kufuata viwango vya Ulaya, usizitegemee peke yake: kwa bidhaa kama hizi mtengenezaji hujiwekea mwenyewe, na anayeiga chaja nzima hashindwi kuiga herufi mbili.

Je, unahitaji wati ngapi? Hapa watu wanapoteza fedha nyingi bila sababu. Kishikwambi chenye betri ya mAh 7,000 kinabeba takribani wati-saa 27. Kwa chaja ya kweli ya 10W kitajaa kwa saa tatu na ushee, kwa ya 15W kwa saa mbili hivi. Vishikwambi vingi vya bei ya kati havipokei zaidi ya 10W hadi 18W, hata ukivipa kichwa cha kompyuta. Kwa hiyo chaja ya kweli ya 20W ingekutosha, na ingekishinda mbali hicho kinachojiita 65W.

Kinyume chake pia si hatari. Wengi wanaogopa kwamba kichwa chenye wati nyingi kitaichoma simu ndogo. Hakitaichoma, kikiwa cha kweli, maana simu huchota inachohitaji, kama mtu na ndoo yake kisimani. Chaja za PD, mfumo wa chaji ya haraka kupitia USB-C, huanza na volti 5 kila mara. Zinapanda kwenda 9, 15 au 20 baada tu ya simu kuomba kupitia waya, na simu isiyojua kuomba inabaki na 5 zake. Chaja feki wakati mwingine haijui mazungumzo hayo kabisa, ndiyo maana simu ya "chaji ya haraka" inajaa polepole ikiwa nayo.

Kuna mambo machache ya kampuni moja moja. Samsung nyingi za siku hizi zinataka PD yenye nyongeza inayoitwa PPS ili zifike 25W, kwa hiyo tafuta neno hilo kwenye kichwa. iPhone na iPad za karibuni zinaridhika na PD ya 20W. OPPO na realme zina mfumo wao, ambao unahitaji kichwa chao na mara nyingi waya wao pia. Ukizichaji kwa kichwa kingine zitajaa taratibu tu, hazitaharibika. Tecno, Infinix na itel ni za kampuni moja, Transsion, na hiyo hiyo ndiyo yenye jina la oraimo kwa upande wa chaja na vifaa vingine. Hilo ni chaguo zuri kwa bei ya kwetu, ila kwa kuwa linapendwa, nalo linaigizwa kila kona.

Vichwa viliongezeka sokoni kwa sababu mabokisi yalianza kuja matupu. Apple iliacha kuweka kichwa kwenye boksi la simu mwishoni mwa 2020, Samsung ikafuata mwanzoni mwa 2021 kwa simu zake za juu, na mamilioni ya watu wakajikuta wakitafuta chaja mitaani. Uzuri ni kwamba tundu limekuwa moja. Umoja wa Ulaya umelazimisha USB-C kwa simu na vishikwambi vipya vinavyouzwa huko tangu tarehe 28 Desemba 2024, na kwa kuwa viwanda ni vile vile, faida imefika mpaka kwetu. Kichwa kimoja kizuri chenye tundu la USB-C kinaweza kuhudumia nyumba nzima.

Sasa siku ya kununua. Nenda duka lenye mlango na jina, ambalo wiki ijayo litakuwa pale pale, na uombe risiti ya EFD kabla hujatoa fedha. Muuzaji anayejua anauza feki huanza kubabaika hapo. Muulize namba ya modeli, kisha uitafute kwenye tovuti ya kampuni kwa simu yako ukiwa umesimama pale pale, ulinganishe picha na maandishi. Kampuni kadhaa huweka namba ya siri ya kukwangua kwenye boksi. Ikwangue na uihakiki kwenye tovuti uliyoitafuta mwenyewe, usifuate kiungo kilichochapwa kwenye boksi, maana anayeiga boksi anaweza kuiga na tovuti. Usikubali maneno kama "hii ni kopi daraja la kwanza" au "orijino ya China". Chaja nyingi duniani, za kweli na za feki, zinatoka China, kwa hiyo maneno hayo hayakuambii chochote.

Kisha chukua rula. Kwenye chaja zenye pini tatu kama za soketi zetu, kutoka ukingo wa pini hadi ukingo wa kichwa panatakiwa pawe na milimita 9.5 au zaidi, karibu sentimita moja, ili vidole visiguse pini wakati wa kuchomeka. Feki nyingi huanguka hapo kwa sababu wanapunguza plastiki. Pini ziwe laini, zimenyooka, zinaingia kwenye soketi bila kupigana. Pini ya juu ikiwa ya plastiki tupu hakuna ubaya, kazi yake ni kufungua vifuniko vya soketi tu. Mwisho, nenda na kishikwambi chenyewe na waya wako. Omba wakichomeke kwa dakika kumi pale dukani, uandike neno kwenye kioo kikiwa kwenye chaji. Kioo kikitulia, umepita mtihani ambao chaja yako ya sasa imeufeli.

Ukigundua umeuziwa bidhaa bandia, Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayoshughulikia bidhaa za kuigiza hapa Tanzania, na TBS inashughulikia zisizokidhi viwango. Msomaji wa Kenya aende KEBS au kwenye Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia. Risiti yako ndiyo itakayokusemea huko.

Waya nao usiusahau, maana mara nyingi kichwa kinasingiziwa kosa la waya. Waya mwembamba wa mita mbili unaweza kuwa na ukinzani wa robo ya omu. Ukipitisha ampea 2, nusu volti inapotelea njiani na kugeuka joto. Kati ya volti 5, zinafika 4.5, na kishikwambi kinaanza kusuasua. Nunua waya mfupi, mita moja au chini yake, mnene kidogo. Na waya mbovu unaweza kufanya zaidi ya kusuasua: mwanzoni mwa 2016 Benson Leung, mhandisi wa Google aliyekuwa akinunua na kupima nyaya za USB-C kwa hiari yake, aliunguza kompyuta yake kwa waya mmoja uliokuwa umeunganishwa kinyume ndani. Waya uliochubuka shingoni utupe, usiufunge selotepu. Na kama una taa au redio ndogo yenye tundu la USB-C inayokataa kuchaji kwa waya wa C kwa C lakini inakubali ule wa USB ya zamani kwa C, usilaumu chaja. Ni redio hiyo iliyonyimwa kiwandani rezista mbili ndogo, ambazo chaja ya C huzitumia kutambua kwamba kuna kifaa cha kuchaji.

Nyumbani, jambo linaloniumiza zaidi kuliona ni ile kalamu kwenye tundu la juu la soketi. Chaja ya pini mbili haiingii, mtu anachukua kalamu au kijiti, anasukuma kifuniko, anachomeka. Nimewaona watoto wa darasa la pili wakifanya hivyo kwa ustadi. Kile kifuniko kiliwekwa kwa ajili yao, na tunawafundisha kukifungua. Siku moja kalamu itakosekana na mtoto atachukua msumari. Nunua chaja ya pini tatu tangu mwanzo, au adapta imara yenye pini tatu, na kataza kabisa hiyo ya kalamu, shuleni pia ukipata nafasi.

Umeme ukikatika, zima soketi. Unaporudi huwa unakuja na kishindo, unapanda na kushuka kwa muda, na kishindo hicho ndicho kinachoua chaja nyingi, za kweli na za feki, pengine hata ile iliyokuja na kishikwambi chako. Subiri dakika chache utulie ndipo uwashe. Soketi iliyolegea, ambayo chaja inacheza na kutoa cheche, ibadilishwe; ni kazi ndogo kwa fundi umeme. Kichwa kuwa vuguvugu ni sawa. Kikiwa cha moto kiasi kwamba huwezi kukishika, au ukisikia harufu ya plastiki inayoungua, ambayo wengine wanasema inanuka kama samaki, kizime kwenye suichi ya soketi kwanza, kichomoe baadaye. Na kisilazwe chini ya mto wala kwenye godoro. Kuacha simu kwenye chaji usiku kucha siyo tatizo kwa chaja nzuri, kwa sababu simu inaacha yenyewe kupokea, lakini joto lililofungiwa na nguo ni tatizo kwa chaja yoyote.

Kwa hali yako mahususi, mwalimu, nisingekushauri ununue vichwa vinne. Kwa hizo bei za madukani ulizozitaja, nunua kimoja cha kampuni inayojulikana, chenye matundu mawili, cha 30W hadi 35W, pamoja na nyaya mbili fupi. Kumbuka wati hizo zinagawanywa: kishikwambi kikiwa peke yake kinapata zote kinachoweza, simu ikiingia ya pili kila kimoja kinapungua, na unaweza kuona chaji ikikatika sekunde moja na kurudi wakati wa kuchomeka. Hiyo ndiyo kawaida ya kweli. Kama fedha haitoshi mwezi huu, kimoja cha tundu moja cha 20W kinatosha, mkapokezana. Mtoto akiwa anasoma, kishikwambi kiwe nje ya chaji, na kichajiwe akiwa amelala au yuko shuleni.

Hicho cha shilingi 6,000 usimpe mtu, na usikitupe kikiwa kizima, maana ataokota mtoto wa jirani. Kikiwa nje ya soketi, shika pini kwa koleo uzipinde mpaka zikatike, ndipo ukitupe.

Chaja mpya ikishafika, kijaribu kishikwambi siku mbili. Kioo kikitulia, hakijaumia. Kikiendelea kujiandika hata kikiwa nje ya chaji, basi umeme mchafu huenda umegusa kioo au saketi ya kuchajia. Kipeleke kwa fundi anayepima kwa mita, na mwambie tangu mwanzo kilikuwa kikichajiwa na kichwa gani, ili asianze kwa kukuuzia betri.